Skrini ya rubani ikiyumba: namna ya kusaka chanzo cha mwingiliano wa mawimbi ya redio

Hitilafu iliyoandikwa "skrini ilizimika, ikarudi yenyewe" huwatesa mafundi wa avioniki (vifaa vya elektroniki vya ndege) kuliko iliyoandikwa "skrini imekufa". Iliyokufa unaing'oa na kuweka nyingine. Iliyozimika na kurudi hupelekwa karakana, ikapimwa siku nzima bila kuonyesha kasoro, ikarudishwa ndegeni, na baada ya safari chache malalamiko ni yaleyale. Hapo ndipo mtu husema: "Basi ni mawimbi ya nje." Huenda ni kweli. Lakini minara ya redio, rada za viwanja na mitambo ya simu ilikuwepo mwaka jana, na ndege ilipita juu yake bila tatizo. Kwa hiyo swali la kwanza si mawimbi yametoka wapi. Swali ni kitu gani kimebadilika ndani ya ndege hadi mawimbi yaliyokuwa yakiishia nje sasa yanapita.

Mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unashuka hadi kwenye waya. Umeandikwa kwa mafundi na marubani pamoja, kwa sababu nusu ya jibu huwa kichwani mwa rubani na huyeyuka akishashuka ngazi.

Kabla ya kugusa bisibisi

Mhoji rubani mapema. Muulize alikuwa wapi, urefu gani na mwelekeo gani. Muulize pia alikuwa amebonyeza kitufe cha redio au la, na kwenye masafa gani. Hali ya hewa ilikuwaje? Ala ngapi ziliyumba kwa pamoja, na za upande gani? Ndege nyingine eneo lile zililalamika? Kisha fungua kumbukumbu za matengenezo uone ni kipi kilifungwa, kilifunguliwa au kilipakwa rangi hivi karibuni.

Swali la upande lina uzito kuliko linavyoonekana. Mawimbi ya mnara ulio kilomita kadhaa huifikia ndege nzima. Hayamchagui nahodha na kumwacha msaidizi wake. Ikiwa skrini ya kushoto ndiyo iliyoyumba na ya kulia, ya aina ileile, imetulia, kinachochagua ni waya. Tafuta kitu ambacho upande wa kushoto unacho na wa kulia hauna: kebo iliyopita njia tofauti, konekta iliyofunguliwa juzi, mkanda wa chuma unaounganisha vipande vya bodi kwa umeme uliolegea.

Mahali nako ni ushahidi, ila si hukumu. Mwaka 2019 ndege za Boeing 737 za kizazi cha NG zilipatwa na jambo la ajabu zikielekea kutua Barrow, Alaska: skrini zote 6 zilizimika kwa pamoja, kwenye njia moja ya kurukia. Ukisikia habari hiyo bila maelezo zaidi, utaapa kuna rada au transmita pembeni ya uwanja. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kasoro ya programu katika kompyuta inayolisha skrini, iliyojitokeza njia yenye mwelekeo wa kweli wa digrii 270 ilipochaguliwa. Duniani zilipatikana njia 7 zenye uwezo wa kuiamsha. Kwa hiyo hitilafu inayojirudia mahali pamoja inaweza kuwa ya mawimbi, na inaweza kuwa ya namba.

Mawimbi ya nje yana nguvu kiasi gani?

Kuna hesabu moja ambayo kila fundi anafaa kuiweka mfukoni. Chukua wati zinazotoka kwenye antena kuelekea kwako, zidisha kwa 30, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa umbali kwa mita. Jibu ni nguvu ya uwanja wa umeme kwa volti kwa mita.

Kituo cha utangazaji kinachorusha kilowati 100 kuelekea kwako, ukiwa umbali wa kilomita 1, kinakupa takriban volti 1.7 kwa mita. Sasa chukua redio ya mawasiliano ya ndege yenyewe, wati 25, antena ikiwa mita 2 kutoka kwenye fungu la nyaya: takriban volti 13.7 kwa mita. Redio yako ya kawaida, unayoibonyeza kuomba ruhusa ya kutua, inazidi kituo kile mara nane hivi. Ni kweli antena iko nje na nyaya ziko ndani ya bodi ya chuma, lakini bodi ina madirisha, viungo na matundu ya kupitishia kebo, na katika ndege za nyuzi za kaboni au za kioo ganda hilo la chuma halipo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mtuhumiwa wa kwanza awe mwenye nyumba. Ukishamwondoa, ndipo utoke nje.

Hata hivyo nje kuna mitambo isiyochezewa. Rada hurusha mapigo mafupi yenye kilele kikubwa sana. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2007 kuhusu kinga dhidi ya mawimbi makali, inayojulikana kwa kifupi cha HIRF, inagusa masafa kuanzia kilohetsi 10 hadi gigahetsi 40. Katika mazingira yake makali ya ndege za kawaida, kati ya gigahetsi 2 na 6, kilele kinafika volti 3,000 kwa mita na wastani volti 200. Mfumo ambao kushindwa kwake kunaweza kuiangusha ndege, kama uonyeshaji wa mlalo wa ndege, mwendo na urefu, hautakiwi kuathirika ndani ya mazingira hayo. Skrini mpya, ikifungwa kama ilivyoidhinishwa, imeshavumilia mabaya kuliko mnara ulio nje ya mji. Neno la kushika ni "ikifungwa kama ilivyoidhinishwa".

Somo hili lilinunuliwa ghali. Mwaka 1984 ndege ya kivita aina ya Tornado ya Ujerumani Magharibi ilianguka karibu na Holzkirchen, kulikokuwa na mitambo mikubwa ya utangazaji, na tukio hilo hutajwa hadi leo kila yanapozungumzwa mawimbi makali na ndege zinazoongozwa kwa elektroniki.

Dalili: skrini inazimika, inawaka upya au inapepesa

Anza na umeme. Inachosha kusikia, lakini volti inayoshuka kwa sehemu ndogo ya sekunde mota kubwa inapoanza kazi huizima skrini vilevile kama mawimbi. Tofauti ni kwamba skrini iliyokatikiwa umeme hupitia hatua zote za kuwaka upya, nembo na majaribio ya ndani yakiwemo, ilhali iliyosumbuliwa na mawimbi mara nyingi hupepesa, hupoteza picha huku taa yake ya nyuma ikiwaka, au huonyesha alama ya hitilafu kisha ikatulia mawimbi yakipita. Muulize rubani aliona ipi kati ya hizo.

Umeme ukiwa safi, angalia jinsi skrini ilivyokaa kwenye dashibodi. Skrini nyingi hutegemea mguso wa chuma kwa chuma kati ya fremu yake na rafu, au gasketi inayopitisha umeme. Aliyesafisha kwa dawa kali, aliyeweka gundi ya silikoni ili skrini isitikisike, aliyepaka rangi ukingo wa rafu ili upendeze: wote hao wameondoa kinga bila kujua.

Lipo pia suala la kasoro ya kifaa chenyewe. Mwaka 2014 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza kubadilishwa kwa aina fulani ya skrini za Honeywell kwenye Boeing 737 na 777, kwa sababu wakati wa majaribio ya kufunga Wi-Fi ndegeni zilionekana kupepesa au kuzimika transmita ilipowashwa karibu nazo. Tatizo liligunduliwa chini, kwenye majaribio. Kwa hiyo kabla hujatumia wiki nzima kufukuza waya, soma maagizo ya usalama na taarifa za mtengenezaji zinazohusu namba ya kifaa ulichonacho. Dakika kumi za kusoma zinaweza kufunga kesi.

Dalili: mlalo unainama au dira inahama

Hii ndiyo dalili inayopimika kirahisi kuliko zote, na watu huiruka. Weka ndege nje ya hanga, mbali na vyuma, vifaa vyote vikiwa vimewashwa kama vile uko angani. Mtu mmoja akae akitazama skrini, mwingine abonyeze redio ya kwanza kwenye masafa ya chini, ya kati na ya juu, tuseme megahetsi 118.0, 127.5 na 136.975, kila mara kwa sekunde 20 au zaidi, baada ya kuhakikisha masafa hayo hayatumiki pale. Kisha redio ya pili. Kisha transponda, na redio ya masafa marefu kama ipo. Mshale wa dira ukisogea kila kitufe kinapobonyezwa na kurudi kinapoachiliwa, mwizi umeshamshika mkono.

Usiishie kwenye masafa mamoja. Urefu wa fungu la nyaya ndio unaoamua ni masafa gani yatanaswa vizuri, na kuna ndege zinazotulia kabisa kwenye 118 zikaanza kucheza juu ya 130.

Kama dira inahama lakini si kwa redio, washa na kuzima mizigo ya umeme mmoja mmoja: taa za bawa, kipasha joto cha kipimamwendo, pampu. Kihisi cha sumaku huwekwa bawani au mkiani kukwepa vyuma, na waya wa taa ukipitishwa karibu nacho, au taa ikirudishia umeme kupitia bodi badala ya waya wake, sumaku ya mkondo ule huisukuma dira. Hiyo ni sumaku tu, wala si mawimbi ya redio, na hakuna wavu wa kinga utakaoitibu. Hamisha waya, au usokote wa kwenda na wa kurudi pamoja. Kagua pia boliti: fundi akipungukiwa na boliti ya shaba nyeupe isiyoshika sumaku akaweka ya chuma karibu na kihisi, dira itadanganya kila siku bila kuhitaji msaada wa mnara wowote.

Dalili: GPS inapotea au inasema uongo

Mawimbi ya GPS yakifika ardhini yana nguvu ya takriban −130 kwa dBm (kipimo cha nguvu za mawimbi), yaani kiasi kidogo mno hata ukikiandika kwa wati utachoka na sifuri. Kwa hiyo kipokezi cha GPS ndicho cha kwanza kulalamika, na ndicho chenye maadui wengi.

Anza tena na nyumbani. GPS husikiliza megahetsi 1575.42. Redio ya mawasiliano ikirusha kwenye 121.150, 121.175 au 121.200, hamoniki yake ya 13, yaani wimbi la ziada lenye masafa hayo mara 13, inaangukia hapohapo. Ikirusha kwenye 131.250, 131.275 au 131.300, ni hamoniki ya 12. Zidisha uone. Masafa hayo sita ndiyo ya kujaribia: GPS ikishika setilaiti zake vizuri, bonyeza redio kwa nusu dakika na utazame nguvu ya kila setilaiti. Zikiporomoka, usikimbilie kulaumu redio. Kirusha ishara za dharura, kikiwa kimelala bila kazi, kinaweza kunasa mawimbi ya redio kwa antena yake, kuyachanganya ndani ya sakiti zake za mwisho na kuyatapika tena yakiwa na hamoniki. Chomoa antena yake kwa muda wa jaribio tu, rudia. Tatizo likiisha, umelipata, na dawa huwa kichujio kwenye kebo au kuziweka antena mbali zaidi. Kisha irudishe antena ile na uandike kwamba umeirudisha.

Baada ya hapo wageuzie macho wageni wadogo: chaja za USB, kamera za kioo cha mbele, taa za LED za bei nafuu, tableti iliyoegeshwa kwenye dashibodi chini ya antena. Vifaa vinavyobadilisha volti kwa kuwasha na kuzima kwa kasi hutoa makelele mapana, na vingi havijawahi kupimwa kwa matumizi ya ndegeni. Vichomoe vyote, ruka, ona.

Kama nyumbani ni kusafi, sasa toka nje. Dalili za GPS kuzibwa, yaani kufunikwa na mawimbi mengine, ni vipokezi vyote kupotea karibu kwa wakati mmoja, ndege nyingine kulalamika, na kila kitu kurudi ukishaondoka eneo lile au ukishuka nyuma ya mlima. Inatokea. Mwaka 2012 dereva mmoja alikutwa karibu na uwanja wa Newark, Marekani, akiwa na kifaa kidogo cha kuziba GPS ili mwajiri asijue alipo. Kifaa hicho kilikuwa kikivuruga mfumo wa uwanja wa kusaidia ndege kutua. Januari 2022, eneo la Denver, GPS ilivurugika kwa takriban saa 33 kutokana na transmita iliyokuwa ikirusha bila mtu kukusudia.

Kughushiwa ni kesi nyingine na ni mbaya zaidi, kwa sababu GPS haisemi imepotea. Inasema iko mahali ambapo haipo. Tafuta saa ya ndege iliyoruka mbele au nyuma, mahali kwenye ramani palipohama ghafla, kasi ya upepo isiyowezekana, au onyo la kukaribia ardhi ukiwa juu kabisa. Visa hivi viliongezeka sana kuanzia 2023 karibu na maeneo ya vita. Fundi akipokea ndege iliyopita huko, asishangae kukuta hitilafu zinaendelea saa kadhaa baada ya kutua: baadhi ya mifumo huhifadhi mahali na muda wa uongo, hadi iwashwe upya kwa utaratibu wa mtengenezaji.

Dalili: altimita ya redio inarukaruka

Chombo hiki hupima urefu juu ya ardhi kwa kurusha mawimbi kati ya gigahetsi 4.2 na 4.4 na kusubiri mwangwi. Kinalisha onyo la ardhi, kutua kwa otopailoti na usimamizi wa nguvu za injini, kwa hiyo uongo wake husambaa. Februari 2009, ndege ya abiria ilipokuwa ikikaribia Amsterdam, altimita moja ilionyesha futi −8; throttle otomatiki, inayodhibiti nguvu za injini, ikaamini ndege imeshafika chini, ikarudisha nguvu, na watu 9 wakafa.

Mitandao ya simu ya 5G nchini Marekani ilipewa masafa ya gigahetsi 3.7 hadi 3.98, na Desemba 2021 mamlaka ya anga ilitoa agizo la tahadhari kwa sababu baadhi ya altimita za zamani husikia nje ya mipaka yao. Dawa imekuwa vichujio na vipokezi vipya. Lakini ukiniuliza nianzie wapi, sianzii kwenye mnara wa simu. Ninaanzia tumboni mwa ndege. Antena mbili za altimita hukaa chini, palepale maji, mafuta na mchanga vinapojikusanya. Mpira wa kuzuia maji ukipasuka, unyevu huingia kwenye konekta, mawimbi yanavuja kutoka antena ya kurushia hadi ya kupokelea moja kwa moja, na chombo kinasoma urefu mdogo usiokuwepo. Ukifungua ukakuta unga mweupe kwenye alumini au ukijani kwenye shaba, umefika.

Tenganisha hivi: altimita inayorukaruka juu ya viwanja vingi tofauti ina tatizo la kebo au antena. Inayorukaruka kwenye njia moja tu ya kutua, na ndege nyingine za aina hiyo nazo hivyohivyo, ndiyo ya kuulizia minara.

Dalili: sindano ya ILS au VOR inatikisika, au muziki unasikika

Stesheni za FM huishia megahetsi 108, na hapo ndipo VOR (redio ya ardhini inayompa rubani mwelekeo) na mwongozo wa katikati ya njia wa ILS (mfumo wa redio wa kuongoza ndege kutua) huanzia. Ni majirani waliopangiwa ukuta mmoja. Vituo viwili vikali vinaweza kuzaa cha tatu ndani ya kipokezi: mara mbili ya 107.5 ukitoa 104.9 ni 110.1, masafa halali kabisa ya ILS. Tangu 1998 viwango vya kimataifa vinavitaka vipokezi vihimili hali hiyo. Redio ya zamani isiyokidhi haitengenezeki kwa kufunga nyaya upya, inabadilishwa.

Sindano ikitikisika kwa sekunde chache tu wakati ndege kubwa inakata njia au inaruka mbele yako, ni mwangwi wa mwili wake. Acha vyombo vyako.

Dalili: kelele na kuyumba ndani ya mawingu, theluji au vumbi kavu

Hii karibu kila mara husingiziwa minara. Ndege ikipita kwenye chembe kavu hujichaji umeme tuli, na chaji ikikosa njia laini ya kutokea, huruka kwa cheche ndogo kwenye kingo na antena. Kagua vijiti vya kutolea chaji kwenye mabawa na mkia: vimekatika, vimepakwa rangi, havishiki bodi? Kagua pia kipande chochote cha plastiki kilichopoteza rangi yake inayopitisha umeme, hasa pua ya ndege.

Sasa fungua: njia za kuingilia

Dalili zikikuelekeza kwenye kinga, kumbuka kanuni ya urefu. Kwenye megahetsi 100 wimbi lina mita 3, kwa hiyo nyaya ndefu ndizo antena. Kwenye gigahetsi 1 lina sentimita 30, na ufa wa sentimita 15 kwenye kifuniko cha kifaa unatosha kuwa mlango. Ndiyo maana skurubu zinazofunga vifuniko hupangwa karibukaribu. Ukiona kifuniko kimefungwa kwa skurubu nne badala ya kumi na mbili kwa kuwa "kinashika tu", umekuta ufa wa kuipitisha rada.

Kwenye kebo, tatizo ninalolichukia zaidi ni mkia. Wavu wa shaba unaoizunguka kebo unatakiwa ufungwe duara zima kwenye kifuniko cha nyuma cha konekta. Anayefanya haraka huusokota wavu kuwa kijiwaya, anakivuta sentimita 5 na kukifunga kwenye skurubu. Kwa mita ya ohmu ni sifuri, kila mtu anafurahi. Lakini sentimita 5 za waya ni takriban nanohenri 50, ambazo kwenye megahetsi 100 ni ohmu 31 hivi. Wavu uliofungwa kupitia ohmu 31 haufanyi kazi yake pale unapohitajika. Mita yako haikudanganya; umeiuliza swali la umeme wa betri ilhali tatizo ni la redio.

Kwenye mikanda ya kuunganishia bodi, kipimo kinachotumika sana kwa viungo vya mawimbi ni kisichozidi miliohmu 2.5, ingawa namba ya mwongozo wa ndege yako ndiyo inayotawala. Mita ya kawaida haiwezi hili, maana nyaya zake zenyewe zina upinzani mkubwa kuliko unachopima. Tumia mita ya miliohmu ya nyaya nne. Kwa wavu wa kebo kuna kipimo cha kubana kinachozunguka fungu zima na kupima mzunguko bila kufungua konekta yoyote, na kwa kweli ni bora, kwa sababu kila konekta unayoifungua bila ulazima ni nafasi ya kuharibu kilichokuwa kizima.

Kiungo kikizidi, kifungue. Kwanguza rangi na oksidi eneo dogo linalotosha kikanyagio cha mkanda, safisha, funga kwa nguvu iliyoelekezwa, kisha paka kinga ya kutu juu na pembeni baada ya kukaza, kamwe si katikati ya nyuso mbili. Mkanda uliokatika usiurefushe. Mfupi na mpana hushinda mrefu na mwembamba.

Ndege za nyuzi za kaboni zina wavu mwembamba wa shaba chini ya rangi. Baada ya kuzibwa jeraha la mvua ya mawe au radi, hakikisha wavu wa kiraka umeulalia wavu wa zamani na umeunganika nao kwa umeme. Kiraka kizuri kwa macho kinaweza kuwa dirisha kwa mawimbi.

Ikitokea angani

Rubani hana kazi ya kutafuta chanzo. Ashike ala za akiba, alinganishe pande mbili, aondoe otopailoti ikifuata data inayotiliwa shaka, na asogee. Umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu ya uwanja wa umeme inapungua kwa nusu, na kwa mwendo wa ndege hilo ni suala la dakika chache. Kifaa cha abiria au cha wafanyakazi kilichowashwa karibu na chumba cha rubani kizimwe. Halafu aandike mara tu anapopata nafasi: saa ya dunia, latitudo na longitudo, urefu, mwelekeo, masafa ya redio zote, ala zilizoathirika na zilizobaki nzima, hali ilidumu kwa muda gani. Zilizobaki nzima zikisahauliwa, fundi ndiye atakayelipa gharama.

Kuirudisha kazini na kutoa taarifa

Baada ya matengenezo rudia jaribio lilelile lililoonyesha tatizo, kwa masafa yaleyale, mizigo ileile na vifuniko vyote vikiwa vimefungwa. Jaribio lililofanywa paneli zikiwa wazi halithibitishi kitu. Andika thamani ya miliohmu kabla na baada. Fundi atakayekuja baada ya miaka miwili ataona kiungo kipi kinazeeka haraka.

Ukithibitisha kwamba chanzo kiko nje kweli, peleka taarifa kwa mamlaka ya anga na kwa wasimamizi wa masafa wa nchi husika, kwa kuwa ndio wenye magari ya kusaka transmita. Wape mahali, saa na masafa, na mwelekeo ambao tatizo lilizidi na ule ambao lilipungua. Taja na ulichokiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa ndani ya ndege, na kwa jaribio gani, la sivyo barua ya kwanza watakayokujibu itakuwa ya kukuuliza hilo.